Vita Nilivyovihamishia Kwenye Lami

Ninyi mnaoshinda kwenye maegesho ya Nyamirambo, hapa Kigali, mkisubiri wageni, mkiosha vioo ambavyo mmeshaviosha, mmenisumbua muda mrefu niwaandikie mambo ya kazi. Mnataka siri za barabara. Nitawapa chache. Lakini kuna jambo lililonikuta Rebero, kwenye sherehe ya kuposa, na tangu siku hiyo sijatulia. Kila nikianza kuandika habari za breki na matairi, mkono unakwenda wenyewe huko. Basi tutafika, ila mnivumilie kidogo.

Naitwa Isa. Nilizaliwa Buyenzi, Bujumbura, kwa wazazi Wanyarwanda, nikasoma sekondari hukohuko, nikaingia Kigali nikiwa na begi moja na Kiswahili kingi. Kinyarwanda changu kilikuwa cha kuchekesha wauza nyanya wa soko la Kimironko. Sasa nina miaka arobaini na minane, na nusu ya hiyo nimeipitisha kwenye usukani, nikizungusha wageni nchi nzima. Mwaka jana daktari aliangalia picha ya mgongo wangu, akaniuliza kwa upole kama nimeleta ya baba yangu kwa makosa. Kwa hiyo nimestaafu, kama mtu wa umri wangu anaweza kulitamka neno hilo bila kuchekwa. Mgongo umestaafu, miguu bado. Nikikaa nyumbani siku tatu, ya nne napanda basi lolote na kushuka linakoishia.

Haya, siri zenyewe. Maji ya rejeta na maji ya kunywa yasikae kwenye chupa zinazofanana. Niliwahi kumpa padri mmoja maji ya rejeta, akanywa nusu chupa, akasifu kwamba maji ya nchi hii yana madini. Sikumwambia kitu, ila safari nzima nilikuwa namtazama kwenye kioo kama anapumua.

La pili ni namna ya kuuliza njia. Usimuulize mtu wa kilimani, "Hii ndiyo njia ya kwenda mahali fulani?" Atasema ndiyo, kwa sababu amekuona umechoka na hataki kukuvunja moyo. Muulize njia hii inakwenda wapi. Hapo itambidi afikiri. Na jina la kilima peke yake halitoshi. Nchi hii ina vilima vingi kuliko majina. Ukitajiwa kilima, uliza jirani yake ni kilima gani, na bonde lililo chini yake linaitwaje. Simu yako itakuonyesha majina manne yaleyale, itachagua moja, itakupeleka huko kwa sauti ya upole kabisa.

Haya yote niliyajua. Ndiyo maana sina cha kujitetea.

Kilima nitakachowasimulia nitakiita Kigarama. Silo jina lake. Kigarama ni nyingi, na wenye Kigarama za kweli wanisamehe kwa kuliazima. Za kwangu ni mbili, moja mashariki na moja magharibi, jina moja, na kila moja iliwahi kupiganiwa. Vitabuni sijaviona vita hivyo. Vinakaa kwenye vinywa vya wazee.

Aliyenionyesha vilima hivyo ni Mzee Yusufu, dereva wa Nyamirambo aliyenifundisha kazi, Mungu amrehemu. Gari lake la kwanza lilikuwa Peugeot ambayo mlango wa abiria ulifunguliwa kwa kamba, na yeye alimweleza kila mgeni kwamba hiyo ni kwa usalama zaidi. Mwaka wangu wa kwanza alinipeleka kwenye Kigarama zote mbili, akanikalisha chini na wazee, akaniambia ninyamaze.

Vita vya Kigarama ya mashariki vilipiganwa enzi za wafalme. Wavamizi walitoka ng'ambo ya bonde. Wao walikuwa akina nani, wazee wenyewe hawakubaliani. Wanaume wa kilima walishuka kwenye kivuko, pale penye mafunjo, wakasimama. Walikufa palepale, karibu wote, na wavamizi wakarudi walikotoka. Basi. Hiyo ndiyo habari yote. Mzee mmoja alitutajia na majina ya waliokufa, na mimi sikuyaandika.

Kigarama ya magharibi ilipiganiwa katika vita vya Wajerumani na Wabelgiji. Askari wa Wajerumani walikuwa juu, wa Wabelgiji, waliokuja kutoka Kongo, walikuwa chini na hawapati njia ya kupanda. Mtu mmoja wa kilima akawaonyesha njia ya nyuma. Waliokuwa juu wakavamiwa kutoka nyuma. Wazee wa huko hawakutaja jina la mtu huyo, na tulipokuwa tunarudi Mzee Yusufu aliniambia nisije nikaliuliza.

Sasa mtanielewa, maana ninyi ni madereva. Ile ya mashariki ina heshima, lakini mgeni akiisikia anapiga miayo. Watu walisimama, wakafa, haya, chakula saa ngapi. Ile ya magharibi ina msaliti. Mgeni akisikia msaliti anatoa kalamu.

Ilikuwa mvua za Novemba. Nilikuwa na wageni wawili, mume na mke, wana siku moja tu, na walikuwa wameahidiwa kilima cha magharibi. Mzee Yusufu alikuwa na homa, kwa hiyo nilikuwa peke yangu. Mlima ulikuwa umeporomoka ukafunga barabara. Nikageuza gari, nikawapeleka Kigarama ya mashariki, saa moja na nusu kutoka mjini, lami mpaka karibu na kilele. Jina si ni lilelile? Kibao kilikuwa pale, wakakipiga picha. Nikaanza kuwasimulia vita vya kweli vya pale. Mke akapiga miayo. Nikatazama bonde, nikaona kivuko, na mdomo wangu ukamchukua yule mtu wa magharibi, ukamweka kwenye kivuko cha mashariki, akiwaonyesha wavamizi mahali pa kuvukia.

Mke aliandika kurasa mbili. Mume aliniambia hajawahi kupata kiongozi kama mimi.

Nilimsimulia Mzee Yusufu nikitegemea acheke. Aliacha kula.

"Umefanya nini weye?"

"Ni mara moja tu, mzee. Barabara ilikuwa imefungwa."

"Pale wanaishi watu, Isa."

Nikamwambia wageni wale wameshapanda ndege, nani atajua. Hakumaliza chakula chake. Hakuishi muda mrefu baada ya hapo.

Haikuwa mara moja. Nani alitaka kwenda magharibi, saa tano za vumbi na mashimo, wakati mashariki kuna lami na sehemu ya kula brosheti, mishikaki ya kwetu? Sikurudi tena Kigarama ya magharibi. Vita vyake nilivihamishia kwenye lami, na miaka ilivyokwenda nikaviremba. Nikampa msaliti umri. Nikampa mwendo. Mzee Yusufu alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, na kwa kumkumbuka nikampa msaliti wangu mkono wa kushoto. Fikirini upuuzi huo. Nilidhani namuenzi. Madereva wengine walinisikia wakachukua. Shule moja ya mjini ilikodi Kosta yangu, basi dogo nililokuwa nalo, na mwalimu wao aliandika kila neno kwenye daftari, akaniomba nirudie sehemu ya kivuko polepole. Nikarudia polepole. Nilikuwa na fahari.

Sasa twende Rebero.

Fabrisi baadhi yenu mnamjua, yule dereva mrefu anayecheka kabla hajamaliza kusema. Alipopata mchumba, Solanji, aliniomba nichukue familia yake kwenye Kosta kwenda kuposa, Rebero, kwa wazazi wa msichana. Nilijua Fabrisi anatoka Kigarama ya mashariki. Nawaapia, nilijua, na sikufikiri kitu. Kwangu kile kilikuwa kilima cha kazi. Kwamba mtu anaweza kuzaliwa pale lilikuwa jambo jingine kabisa.

Nilimbeba babu yake, Mzee Karoli, kwenye kiti cha mbele. Mzee wa miaka themanini na zaidi, kofia, fimbo, maneno machache. Njia nzima aliniuliza swali moja tu, kama gari hili ni langu. Nikasema ni langu. Akasema ni safi.

Mnajua kuposa kwetu kulivyo. Familia mbili zinakaa zikitazamana chini ya mahema, msichana amefichwa ndani, na wasemaji wawili wanatupiana maneno. Msemaji wa upande wa msichana kazi yake ni kukataa. Atasema hatuna binti, atasema mmekosea nyumba, atachimbua ugomvi wa mababu. Wa upande wa mvulana kazi yake ni kujibu kwa upole na kuchekesha. Watu huja kwa ajili ya hilo kuliko hata pilau. Yote yalisemwa kwa Kinyarwanda, mimi nawaandikia kwa Kiswahili chetu.

Msemaji wa upande wa Solanji alikuwa mjomba wake, Tewonesti, mwalimu mstaafu mwenye miwani. Alipopewa kipaza sauti nilihisi nimemwona mahali, sikukumbuka wapi. Alikuwa hodari. Alituambia binti tunayemtafuta ameshaolewa mwezini. Msemaji wetu akasema basi tutaweka ngazi. Tewonesti akarekebisha miwani.

"Nasikia mnatoka Kigarama. Sisi tuna binti mmoja tu. Akienda kisimani mtamlinda, au mtamwonyesha adui njia?"

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na madereva, soda mkononi.

"Mzee wangu," akajibu msemaji wetu, "njia tunayoijua ni hii iliyotuleta kwako, na hata hiyo tumepotea mara mbili."

"Mmepotea? Ajabu. Nilidhani kwenu kuna mabingwa wa kuonyesha njia."

Kicheko kikubwa zaidi. Msemaji wetu alijaribu tena, akasema huyo bingwa alikuwa mpita njia, walimpa maji tu. Hapo ndipo Tewonesti alipotaka kumaliza mchezo. Akatoa daftari kwenye mfuko wa koti. Akasema yeye ni mwalimu, hasemi jambo ambalo halijaandikwa. Akasoma.

"Alikuwa mtu wa makamo, mwenye mwendo wa haraka, mtu wa mkono wa kushoto, na kwa mkono huohuo aliwaonyesha kivuko."

Soda ilinitoka mkononi. Yalikuwa maneno yangu. Si yanayofanana na yangu, ni yangu, na mpangilio wake, na pale ninapovuta pumzi. Nikamtambua mwalimu wa Kosta. Na wakati huohuo niliona watu wa mstari wa mbele wakigeuza shingo, mmoja baada ya mwingine, kumtazama Mzee Karoli. Alikuwa ameshika glasi kwa mkono wa kushoto. Fabrisi, aliyekuwa amekaa pembeni yake kwa vazi la begani, naye alishika yake kwa mkono wa kushoto.

Sikuwa nimejua. Niliwabeba watu hawa asubuhi nzima na sikuona.

Kicheko kilififia taratibu. Tewonesti mwenyewe aliinua macho kwenye daftari, akaona, na uso ukambadilika, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Mzee Karoli aliweka glasi chini. Akachukua fimbo, akasimama, akatoka nje ya hema bila kumtazama mtu. Mnajua maana yake. Mkubwa wa wanaoposa akiondoka, hakuna posa. Ndani ya nyumba wasichana waliokuwa wakiimba wakanyamaza, na nikajua Solanji amesikia.

Mzee alikwenda moja kwa moja kwenye Kosta. Funguo zilikuwa mfukoni mwangu, ikanibidi nimfuate. Nilimkuta amesimama mlangoni.

"Fungua gari, dereva."

Funguo zilikuwa mkononi na mkono haukutaka kwenda. Nikamwambia, "Mzee, ile hadithi ni yangu."

Hakuelewa. Nikarudia. Nikamwambia yote, mvua, wageni wawili, miayo, kilima cha magharibi, hata Mzee Yusufu na mkono wake. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akakaa kwenye ngazi ya gari, palepale kwenye vumbi, na suti yake.

Akaniambia kwamba kwa miaka mingi aliona magari yakija kilimani. Yanasimama, mtu anashuka, ananyoosha mkono kuelekea kivukoni, wageni wanaandika. Aliona watu safi, waliosoma. Hakusogea kuwasikiliza. Kisha siku moja mjukuu wake wa kike alirudi kutoka shule na habari ya mtu wa mkono wa kushoto. Alimkaripia. Baadaye akaanza kujiuliza. Watu wa kivukoni walikufa karibu wote, na babu wa baba yake, Semanzi, alikufa akiwa mbele yao. Ndivyo alivyofundishwa. Lakini nani alibaki wa kushuhudia? Na katika ukoo wao, mkono wa kushoto haukosekani.

"Tunawafundisha watoto kutaja mababu," alisema. "Wewe unajua. Fulani wa fulani wa fulani. Nilipowafundisha hawa wajukuu, nilimruka."

"Ulimruka nani, mzee?"

"Semanzi. Sikutaka walibebe jina hilo. Muulize Fabrisi ataje mababu zake, utaona anapita hapo kama pana shimo."

Vijana, nimewahi kukosa breki kwenye mteremko nikiwa na watu kumi na wanne. Sikuwahi kuogopa kama nilivyoogopa pale, mbele ya mzee aliyekaa ananiambia jambo hilo kwa sauti ya kawaida. Nikampigia magoti. Aliniambia niinuke, nisichafue suruali. Kisha akasema kuomba radhi kwenye ngazi ya gari hakumsaidii mtu. Ilisemwa kule ndani, ikasemwe kule ndani.

Katika kuposa, dereva hasemi. Hata mjomba hasemi kama si msemaji. Nilitembea katikati ya mahema mawili, mahali ambapo hakuna anayepita, nikamwomba Tewonesti kipaza sauti. Alinipa, nadhani kwa mshangao tu.

"Mimi ni Isa, dereva. Hadithi aliyoisoma mwalimu niliitunga mimi. Pale kivukoni hakuna aliyemwonyesha mtu njia. Watu wa Kigarama hii walisimama wakafa, na wa mbele yao aliitwa Semanzi, babu wa baba yake Mzee Karoli. Aliyeonyesha njia ni mtu wa Kigarama nyingine, ya magharibi, katika vita vingine. Nilivichanganya kwa sababu barabara ya mashariki ilikuwa nzuri."

Kisha mtu upande wetu akaanza kupiga makofi, wakapiga wote, na simu zilikuwa juu zinarekodi. Tewonesti hakupiga. Alikuwa ameshika daftari kwa mikono miwili.

"Nimelifundisha hili mpaka nimestaafu," akasema, na hakuwa akisemea kwenye kipaza sauti. "Niliwatungia mtihani. Kulikuwa na mtoto wa kilima hicho, aliandika kwamba kwao hawasemi hivyo. Nilimpa sifuri."

Nilikuwa karibu yake, ndiyo maana nilisikia. Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Mzee Karoli alirudi. Msemaji wetu alitaka kuendelea pale tulipoishia, lakini mzee alikataa. Akataka tuanze upya, tutoke nje ya lango, tuingie kama watu wanaofika sasa hivi. Watu mia na zaidi, na keki imeshakatwa pembeni na watoto, tukatoka tukaingia. Tewonesti akasimama, sauti si ile ya mwanzo, akauliza swali la kwanza la wasemaji: ninyi ni akina nani, na mnamwombea nani? Kazi ya kujibu ni ya msemaji. Mzee Karoli akanyoosha mkono akachukua kipaza sauti.

"Tunamwombea Fabrisi, wa Inosenti, wa Karoli, wa Gatera, wa Bizuru," akasema, kisha akaegemea fimbo. "Wa Semanzi, aliyefia kivukoni."

Fabrisi aligeuka akamtazama babu yake. Alikuwa anakaribia miaka thelathini na hakuwa amewahi kulisikia jina lile mahali pale. Tewonesti akaitikia, bila utani wowote, kwamba Semanzi wanamjua, na binti yuko. Solanji akatolewa.

Ningeweza kuishia hapo, nanyi mngesema Isa amejisafisha. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo, kwa muda wa kama dakika arobaini.

Tulipokuwa tunashuka kutoka Rebero, nyuma wanaimba, wanapiga vioo vya gari, Mzee Karoli alikuwa mbele pembeni yangu kama asubuhi. Alikuwa amefumba macho. Nilidhani amechoka.

"Huyo wa magharibi," akasema. "Ana wajukuu?"

Nikasema sijui.

"Leo wamepiga makofi. Wamechukua na simu. Kule pia kuna mtu ameketi kama nilivyokuwa nimeketi mimi."

Nilikuwa nimemtoa mtu mmoja kwenye shimo, na palepale, kwa sauti kubwa, mbele ya simu zote zile, nikamsukumia mwingine. Na wala sikuwa na haja ya kumtaja. Ningesema tu kwamba nilidanganya, ingetosha. Lakini mdomo wa kazi ulitaka hadithi iwe kamili.

Kesho yake nilipanda basi la kwanza kwenda magharibi. Kisha pikipiki, kisha miguu, maana pikipiki ilikataa kupanda. Nilifanya kila kitu nilichowafundisha. Niliuliza kilima jirani, niliuliza jina la bonde, na kwa aibu yangu yote nikauliza kama kuna mtu wa familia ya yule aliyeonyesha njia. Kijana mmoja alinitazama sana. Akanipeleka mpaka kwa bibi mmoja, Bibi Felisita, aliyekuwa uani anachambua maharage kwenye ungo.

Hakushangaa kuniona. Mjukuu wake alikuwa ameshamwonyesha video ya Rebero kwenye simu, jana hiyohiyo kabla ya jua kuzama. Mimi nilisafiri siku nzima, aibu niliyomletea ilikuwa imetangulia kufika.

"Wewe ndiye dereva?"

"Ndiyo, bibi."

"Kwenye simu ulikuwa mwembamba."

Akaniambia nikae. Nikakaa kwenye kigoda. Aliendelea kuchambua maharage, akitupa mabovu kwa kuku, na kuongea kwa utaratibu uleule.

"Alikuwa babu yangu. Jina lake Ntamati, na si siri, ni vile tu hakuna mgeni aliyewahi kuuliza. Wale askari waliotoka Kongo walikuwa wamemshika bibi yangu. Walimfunga kwenye mti pale chini. Alikuwa na mimba." Akatupa punje moja. "Mimba hiyo ndiyo baba yangu. Ulipokuwa ukiwasimulia watu, miaka yote hiyo, hilo ulilisema?"

"Sikulisema."

"Ulilijua?"

"Sikulijua, bibi. Sikuuliza."

Alimwita mjukuu wake alete chai. Nilitaka kuanza kuomba radhi, nilikuwa nimeiandaa njia nzima, akanikatiza kwa mkono. Alisema radhi ataisikia baadaye. Kwanza alitaka jambo jingine.

"Nisimulie mimi. Vilevile unavyowasimulia wageni. Nataka nisikie babu yangu anavyosikika."

Akaweka ungo chini, akaikunja mikono mapajani, akanitazama. Mjukuu akakaa kizingitini. Vita vile nimevisimulia mara nyingi kuliko mlivyobadilisha matairi ninyi nyote, vijana wangu, kwa lugha tatu, kwenye jua na kwenye mvua, nikila na nikiendesha. Siku hiyo nilikaa na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa, bibi ananingojea, na sikulipata neno la kwanza.